Hoteli ya Mama Mkwe

Mume wangu alistaafu uhasibu Mwanza akarudi Songambele na vitu viwili: kikokotoo cha mezani na wazo la biashara. Kikokotoo hakikuwa na shida (nasema kile cha kubonyeza; kile cha kukokotoa mafao ya wastaafu kilishamaliza kazi yake). Wazo ndilo lililotutesa.

Alikuwa ameona kwenye televisheni kwamba huko Ulaya watu wa mjini hufunga safari hadi shambani, wakaketi mezani kwa mkulima, wakala kilichochumwa asubuhi ile ile na kulipa zaidi kuliko hotelini. "Sasa sisi tumekosa nini?" akaniuliza, mkono wake ukizunguka juu ya kibanja. Kwa kweli hatukukosa kitu. Migomba ipo, chini ya migomba maharage, katikati buni, pembeni mihogo na parachichi, na kuku wa kuchakura vyote hivyo bila ubaguzi. Lakini vitu hivyo viko kila nyumba Kyerwa. Sikuona nani ataacha ndizi zake aje alipie za kwetu.

"Wa Dar," akanijibu. "Desemba si wanarudi wote?"

Sharti lake lilikuwa moja: kila kinachoingia kwenye sufuria kitoke hapa hapa. Mafuta ya dukani yakapigwa marufuku, pamoja na mchele, sukari, majani ya chai na soda. Samli ikashika nafasi ya mafuta, asali nafasi ya sukari, mchaichai nafasi ya chai. Sato wa Bukoba alijadiliwa jioni nzima, akashindwa kwa hoja ya umbali ingawa ni wa mkoa huu huu. Tulipofika kwenye chumvi, mambo yakakwama. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua maharage bila neno, akainua kichwa.

"Chumvi haijawahi kuota hapa, mwanangu. Bibi yangu alikuwa akipata ya Katwe, Uganda. Ikichelewa, walikula hivyo hivyo."

Mume wangu akaandika kwenye daftari: chumvi, msamaha maalumu.

Kisha akachora ubao. Ulisomeka: CHAKULA CHA SHAMBANI. TUNAPOKEA WAGENI TANGU 1861. Mwaka huo hakuubuni. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe mpaka ilipopewa wilaya yake mwaka 2012, na Karagwe ndiko John Hanning Speke na James Grant walikofika Novemba 1861 wakitafuta chanzo cha Nile, wakapokewa na mfalme, Mukama Rumanyika, kule Bweranyange. Kwa hesabu za mume wangu, huyo Speke alikuwa mteja wetu wa kwanza.

"Alilipa shilingi ngapi?" mama mkwe akauliza.

Mhasibu hakuwa na takwimu. Mimi nafundisha, na habari hiyo naijua, ila nilisita kuisema maana ilikuwa inaua biashara kabla haijafunguliwa. Speke alikuwa ametoka Usui, ambako mtawala wake Suwarora alimkamua hongo ya vitambaa na shanga mpaka mizigo ikapungua. Alipovuka kuingia Karagwe akashangaa. Ameandika mwenyewe kitabuni kwamba wakuu wa vijiji walikuwa wameagizwa kumlisha kwa gharama za mfalme, kwa sababu katika nchi ile wageni hawatozwi. Zawadi alitoa, ndiyo, lakini zawadi si bili. Yeye akaondoka Januari 1862 kwenda Buganda. Grant, mguu ukiwa umemuuma vibaya, akaachwa hapo akitunzwa mpaka Aprili. Hesabu hiyo ya miezi yote mume wangu angeipigia kikokotoo angelia.

Nikasema tu, "Nadhani hakulipa, Mama."

"Sasa mbona wewe unataka kulipisha?" akamgeukia mwanawe. Hakujibiwa. Akarudi kwenye maharage.

Wateja wakapatikana: watu watano waliokuja likizo ya Krismasi, wenyeji wa Karagwe kwa asili lakini wamekulia Dar na Mwanza. Sahani ilipangiwa shilingi 15,000. Siku yenyewe mama mkwe alikwenda kanisani misa ya kwanza, na mume wangu, kwa kutaka aonekane mwenye shamba, akaingia mwenyewe kibanjani na panga. Akarudi na mkungu mnene, mzuri wa kupigwa picha. Vijana wakamenya, mikono ikajaa utomvu, ndizi zikaingia kwenye sufuria juu ya maharage, tukafunika kwa majani ya mgomba. Nami nilikuwa nimekimbizana na jogoo, sikuukagua mkungu.

Mama mkwe alirudi, akapita karibu na rundo la maganda, akasimama. Aliokota ganda moja, akalitazama, akalinusa.

"Nani amekata embire?"

Kwa msomaji asiyekulia kwenye migomba: ndizi za kwetu za nyanda za juu ni nyingi, na kwa mtu aliyekaa ofisini miaka mingi zote ni ndizi. Ila kuna za kupika, ndizo tunazoita ebitooke, na kuna embire, ambazo huvundikwa zikaiva, zikakamuliwa kwa nyasi, kisha maji yake yakatiwa mtama uliokaangwa na kuachwa yachachuke yawe rubisi. Ukizichemsha mbichi, zinakaza ulimi na mdomo wote. Kila mama mwenye kibanja anajua shina gani ni la nini, kama anavyojua wanawe. Tulifunua sufuria, mume wangu akaonja. Uso wake ulitosha.

Gari la wateja lilikuwa limeshanasa kwenye tope pale chini, na vijana walikuwa wanapatana nao bei ya kulisukuma. Hiyo ilitupa muda. Mama mkwe akamtuma mjukuu kwa jirani wa juu, mwingine kwa jirani wa bondeni. Hakutuma fedha. Haikupita muda jirani wa juu akaingia na mkungu wa kupika kichwani na mke wake nyuma. Wa bondeni akaja na sufuria ya maharage yaliyokwisha kuiva, watoto wanne, na mkebe wa senene aliowakausha Novemba, waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe, kwa hiyo hata sharti la mafuta hawakulivunja. Mzee wa njia panda hakuitwa na mtu; aliona moshi mkubwa akaja na kibuyu cha rubisi, kwa mashaka kwamba pengine kuna msiba.

Wote hao wakaketi. Ungewafanyaje? Ndizi zilizopo sufuriani ni zao.

Wateja walipofika na viatu vya tope, mume wangu alisimama mlangoni na ubao wa bei. Mama mkwe alikuwa amemtangulia. Alimpokea kila mmoja kwa mikono miwili, akampa kahawa ya kutafuna, kisha akauliza anachouliza kila mzee wa huku: mwana wa nani, ukoo gani, bibi yako ametoka wapi. Wa kwanza akataja ukoo wa marehemu baba mkwe. Huyo akawa mtoto wa nyumba. Wa pili, bibi yake alizaliwa kijiji cha mama mkwe, akakumbatiwa. Wa tatu alioa ukoo wetu, akawa mkwe, akapewa kiti chenye mgongo. Hao wawili waliobaki hawakupata uhusiano wowote, na mama mkwe akawaonea huruma zaidi, akawaongezea paja la jogoo.

Walikula. Nimewahi kula kwenye hoteli za Mwanza zenye vitambaa mezani, na nasema bila upendeleo kwamba ndizi zile, zilizopikwa kwa haraka na hofu, zilizishinda zote. Dada mmoja wa Dar alikuwa anawaogopa senene mwanzoni. Mwishoni mkebe ulikuwa mbele yake.

Jioni mume wangu akatoa kitabu cha risiti. Mtoto wa nyumba akaingiza mkono mfukoni, mama mkwe akaushika.

"Weka, mwanangu. Ni nauli yako hiyo."

"Mama, ni biashara," mume wangu akasema.

"Biashara fanya na embire zako."

Wale wawili wasio na ukoo wetu walijaribu kumwekea fedha chini ya sahani. Mjukuu aliziona, akawakimbilia nazo hadi garini kwa furaha ya mtoto anayejua amefanya jambo jema. Wakapakiwa na parachichi.

Usiku mume wangu alifungua daftari. Upande wa matumizi: jogoo mmoja, samli, asali, mkungu mmoja wa embire ulioharibika. Upande wa mapato: nusu mkungu uliobaki, sufuria ya maharage, senene, kibuyu kilichokuwa bado na kitu ndani, na ahadi tatu za kualikwa kula mwezi ule ule. Fedha: hakuna. Alipiga akapiga, vitabu vikakataa kulingana, kwa sababu chakula kilikuwa kimezidi tulichoanza nacho na yeye hana safu ya kukiandika.

Ubao tumeugeuza, sasa unaanikiwa buni. Hoteli imefungwa, chakula hakijafungwa. Ukipita Songambele Desemba, jikumbushe kwanza bibi yako alitoka wapi, maana utaulizwa mlangoni. Fedha usihangaike nazo. Ila ukiweza, njoo na chumvi.