Mbao za Besera

Amplifaya ya valvu isiyo na sanduku haikai meza moja na sahani za wali. Hilo nililisema mapema, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, lakini mume wangu alikuwa ameinamia chuma chake cha lehemu na masikio siku hiyo alikuwa hana.

Mashine yenyewe ilikuwa bamba la alumini lililokunjwa pembe. Juu yake zimekaa transfoma mbili nzito na valvu tatu za kioo, na chini yake utumbo mtupu wa waya. Transfoma kubwa na valvu mbili zilitoka kwenye redio ya marehemu baba yake, redio ya Kijerumani iliyonyamaza zamani na ambayo hakuna aliyethubutu kuitupa. Valvu inayofanya kazi kubwa inaitwa EL84. Redio nyingi za Ulaya za miaka ya 1950 na 1960 ziliitegemea kusukuma spika, na ukiipa gitaa inatoa wati tano hivi. Kwenye karatasi wati tano ni kitu kidogo. Lakini vyumba vya hapa kwetu Mji Mkongwe vina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na upana wake hauzidi urefu wa boriti ya mkoko iliyobeba dari, mita tatu au pungufu. Humo wati tano humfikia jirani wa ng'ambo ya uchochoro na chenji inabaki.

Kelele ningezivumilia. Kilichonikosesha usingizi ni umeme. Ndani ya kitu kile kuna volti zinazokaribia 300, na kapasita zake hubaki na chaji hata plagi ikishachomolewa. Mwenyewe ndiye aliyenieleza, kwa furaha, kama baba anayesifu akili za mwanawe. Tuna watoto wawili na paka mmoja, na wote watatu hushika kwanza wakauliza baadaye.

"Baba watoto," nikamwambia, "ama kivalishwe nguo, ama kihame."

Wapiga gitaa wana namna mbili za kuvalisha. Unaweza kuweka mashine na spika katika sanduku moja, au ukaitenga mashine katika sanduku lake dogo, nalo wakaliita kichwa, spika ikabaki peke yake pembeni. Mume wangu alitaka kichwa. Alichora: urefu sentimita 45, kimo 22, kina 22, mpini juu, miguu ya mpira chini, na ubao wa nyuma unaotoka ili valvu zibadilishwe. Mchoro ulikuwa mzuri. Haukusema mbao zitatoka wapi.

Plaiwudi aliidharau kabla sijamaliza kuitaja. Mninga na mvule hutoka bara, na bei yake ilimfanya akune kidevu. Ndipo akaanza kuzungukazunguka chini ya ngazi, nami moyo ukanidunda, kwa sababu chini ya ngazi kuna kitanda cha Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa ni mama mkwe wangu, na kitanda ni cha besera, cha msaji, kilichoingia nyumba hii siku aliyoingia yeye akiwa biarusi. Kimefunguliwa vipandevipande miaka mingi sasa, kwa kuwa tendegu moja lililiwa na mchwa na godoro la siku hizi halikienei. Hakitumiki, hakiuzwi, hakisogezwi. Ukifagia chini ya ngazi unakipitishia ufagio pembeni kwa adabu.

Mume wangu alimwendea mama yake barazani baada ya kahawa ya alasiri, na alikwenda na hoja. Akamkumbusha kwamba Freddie Mercury alizaliwa hapa hapa mjini mwaka 1946. Bi Mkubwa akasema analijua hilo, watalii wanaliuliza kila siku hadi kwake. Akamweleza basi kwamba mpiga gitaa wa bendi ya Freddie, Brian May, alipokuwa kijana alianza mwaka 1963, yeye na baba yake, kujitengenezea gitaa nyumbani, na shingo ya gitaa hilo ilichongwa kutokana na mbao ya meko ya zamani. Gitaa hilo amelipiga duniani kote.

"Mbao hiyo ya meko ilikuwa ya nani?" akauliza Bi Mkubwa.

"Ya jamaa tu, Mama. Walikuwa wanaitupa."

"Mimi siitupi."

Akageuza uso upande wa njia, na kikao kikavunjika.

Kilichomlainisha mwishowe si Brian May. Ni mchwa. Nilipotoa vipande nje ili tuvipake dawa, ikaonekana mbao moja ya ubavuni imeanza kutobolewa kwenye ncha, na Bi Mkubwa akaitazama muda mrefu, akapapasa kwa kidole pale palipokuwa bado pazima. Akatoa mbao mbili za ubavuni. Ubao wa kichwani wenye nakshi usiguswe. Akaweka na sharti: sanduku lipigwe misumari ya shaba yenye vichwa vya duara, kama masanduku ya nguo ya zamani, kwa sababu mbao zake hazitoki nyumbani zikiwa uchi.

Seremala tuliyempata ana karakana yake Ng'ambo. Ni fundi hasa, mtu wa maneno machache na penseli sikioni. Alipopitisha randa mara ya kwanza, gamba jeusi la vumbi na polishi za miaka likatoka, na chini yake msaji ukajitokeza na rangi ya asali, una mafuta, unanukia ngozi mpya. Mafuta hayo hayo yalimtaabisha: gundi haishiki vizuri juu ya msaji mpaka uupanguse na spiriti na uunganishe upesi kabla mafuta hayajarudi juu. Pembe alizikata meno, ubao huu unaingia katika ule, akazigonga kwa nyundo ya mbao hata pakawa hapapiti ukucha. Mimi nilisimama pale nikasahau kwamba nilikwenda kuuliza bei tu.

"Hiki cha kuwekea nini? Msahafu?" akaniuliza.

Nikamwambia valvu. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa asioujua.

Wakati huo nyumbani kulikuwa na vita vingine. Bamba la mashine ya namna hii lazima liungwe na waya wa ardhi, ili umeme ukivuja ukimbilie chini badala ya kumpitia mpiga gitaa, ambaye mikono yake imeshika nyuzi za chuma. Soketi zetu zina matundu matatu kama za watu wote, ila tundu la tatu, fundi umeme alipofungua, halikuwa limeungwa na chochote. Nyumba ya zamani, waya za zamani. Ikabidi nondo ya shaba ipigiliwe uwani. Redio mbao za mtaani zikatangaza jioni ile ile kwamba tumepata ramani ya hazina ya Mwarabu fulani na tunachimba usiku. Jirani mmoja, mtu mzima na ndevu zake, alikuja kuomba chumvi mara ambazo hata yeye mwenyewe aliona ni nyingi.

Sanduku lilipokuja, lilikuwa zuri kupita kiasi. Limefungwa juu, limefungwa pande zote, halina mwanya wa kuingiza uzi, maana fundi alikusudia vumbi lisipite, na misumari ya shaba imezunguka kwa mistari miwili. Ncha za misumari zilikuwa zimetokeza ndani, zikielekea kule kule kwenye waya. Mume wangu akakaa na koleo akizikata moja baada ya moja na kuzisugua kwa tupa, huku Bi Mkubwa akimhimiza asitikise vichwa vyake upande wa nje.

Akaingiza mashine, akaunga spika kwanza (amplifaya ya valvu huiwashi bila spika, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua), akawasha. Ikapiga. Sauti yake ni nene, ina mkwaruzo kidogo ukikaza mkono, na nakiri sikuwa nimeitarajia. Watoto wakacheza. Baada ya muda chumba kikaanza kunukia vanishi ya moto.

EL84 ikiwa kazini huwezi kuishika, kioo chake kinaunguza. Ukiifungia katika sanduku lisilopumua, joto linabaki humo linapika kila kitu, kapasita zikiwa za kwanza. Mume wangu alijua hivyo, mchoro wake ulikuwa na matundu nyuma, lakini fundi kwa uungwana wake aliyaona matundu ni umaskini. Tukaanza kushauriana kuhusu feni ndogo ya kompyuta.

"Feni ya nini?" Bi Mkubwa alikuwa kitini pake, hakuinuka. Akanyoosha kidole juu ya mlango wa chumba chake, pale penye ubao uliotobolewa nakshi kati ya fremu na dari. "Hapo juu pamewekwa nini? Pambo? Joto linapanda, linatoka hapo. Na upepo unaingia kwa chini. Nyumba hii haijawahi kuwa na feni mpaka mlipoileta nyinyi."

Ndivyo sanduku lilivyorudi Ng'ambo, likatobolewa juu nakshi ya maua manane kwa patasi na msumeno mwembamba, pana kiasi cha kupitisha vidole viwili, na chini nyuma ukaachwa mwanya. Hewa ikaanza kupita. Ukiweka kiganja juu yake unauhisi mvuke wa moto ukipanda. Bi Mkubwa akauweka mkono wake pale, akasema ingefaa kukaushia karafuu. Nilikataa kabla wazo halijakomaa.

Kaskazi yote mashine ilipiga bila tatizo, isipokuwa pale umeme ulipokatika, na umeme ukikatika katika kisiwa hiki watu wa umri wetu huingiwa na hofu isiyolingana na tukio. Sisi ndio tuliokaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima, baada ya njia ya umeme wa kebo ya baharini kutoka bara kuharibika. Miezi ile gitaa la mume wangu lilitundikwa ukutani, na waliokuwa na udi na vidumbaki walitucheka.

Kisha masika ikaingia.

Mbao hunywa unyevu. Hairefuki kwa kiasi cha kuonekana, inapanuka upana, kukata nyuzi zake. Mlango wetu wa choo hugoma kila mwaka kwa sababu hiyo, na mwezi wa Juni unajirekebisha wenyewe. Ubao wa nyuma wa sanduku, uliokatwa kwa ustadi mkubwa ukaenea barabara wakati wa kiangazi, ulivimba kwa kimo, ukajikaza ndani ya fremu yake. Hakuna aliyejua, kwani hakuna aliyekuwa na haja ya kuufungua. Haja ilikuja asubuhi ya harusi ya binti wa wifi yangu, mume wangu ameahidi kupiga, na valvu moja ikaanza kukoroma kama mtu mwenye kifua. Valvu ya akiba ipo. Skrubu zikatoka. Ubao haukutoka.

Walivuta, wakagonga, wakabembeleza. Fundi hakupatikana kwa simu, mvua ilikuwa inamwagika. Kijana mmoja wa arusini akashika bisibisi ndefu aipitishe kwenye maua ya juu asukume ubao kwa ndani, na mume wangu akapiga ukelele ambao haukuwa wa kiungwana: plagi imetoka, lakini kapasita bado zina chaji, chuma kisiingie humo!

Bi Mkubwa alikuwa jikoni kwenye pilau. Akatokea na mwiko, mrefu, wa mti mtupu, unadondosha mchuzi.

"Huu si chuma," akasema.

Nikaupangusa kwa kanga hadi ukakauka kabisa. Mume wangu akauteremsha katika ua la nyuma, taratibu, akiepuka vioo, akaegemeza ncha kwenye ubao na kusukuma. Ubao ukalia, ukasogea kidogo, akasukuma tena pembe ya pili, ukaruka nje na kumpiga paka, ambaye alijitakia.

Fundi baadaye aliupunguza ubao kwa randa, wembamba wa kadi juu na chini, na akautoboa tundu la kidole. Mwiko haujarudi jikoni. Umefungwa kwa kamba pamoja na waya za gitaa na unakwenda kwenye kila harusi, na mimi nimenunua mwingine sokoni Darajani.

Sasa anasema spika nayo inataka sanduku lake. Inahitaji ubao mpana zaidi, nusu mita hivi, mkavu, usio na fundo. Besera imebaki na ule wa nakshi tu, na Bi Mkubwa ameshamwambia asimtazame. Juzi nimemkuta chumbani kwetu na futi, anapima mlango wa kabati langu la nguo, na nilipomuuliza anafanya nini, akajibu kwamba anaangalia kama kabati limevimba kwa masika. Nimeweka kufuli.