Dirisha Lenye PIN

Minneapolis, Februari 2026

Kwa Baba Mdogo, Rongo; kwa Mama; kwa Shangazi, Mbita; na kwa wote mnaosomewa barua hii kwa sauti,

Nasikia habari zimeenea hadi Migori mjini kwamba serikali ya Marekani imeninunulia madirisha na mlango, na kwamba mtu aliyenunuliwa madirisha hawezi kukosa pesa za mabati. Habari hiyo ina ukweli kidogo na chumvi nyingi. Niruhusuni nieleze kabla Baba Mdogo hajaitisha kikao.

Tuanze na dirisha lenyewe. Huko nyumbani fundi anachomelea fremu ya chuma, anatia grili ili mwizi asipite, vioo vinafuata pesa zikipatikana, na upepo wa ziwani unaingia bila hodi. Huku anayeogopwa ni huo upepo, si mwizi. Dirisha langu lina vioo vitatu, na katikati yake wamejaza gesi ya argoni, ambayo haipitishi joto upesi. Juu ya kioo kuna tabaka jembamba la metali, halionekani kwa macho, kazi yake kurudisha joto ndani. Fundi alipomaliza aliwasha kijiti cha ubani, akakipitisha kando ya fremu. Moshi ukapanda wima, haukuyumba. Akatabasamu kama mkunga. Tangu siku hiyo nyumba haipumui. Nikikaanga omena Jumamosi, Jumatano bado tunaye.

Sasa pesa. Agosti 2022 Rais Biden alitia saini sheria kubwa, na ndani yake mlikuwa na fungu la watu wanaotengeneza nyumba zao zisipoteze joto. Kuanzia 2023 hadi mwisho wa 2025, ukinunua madirisha ya kiwango kilichotakiwa, ulipunguziwa kodi ya mapato kwa asilimia 30 ya bei. Lakini kikomo kilikuwa dola 600 kwa madirisha yote ya mwaka mzima. Mlango wa nje, dola 250. Milango yote, isizidi 500. Ujira wa fundi haukuhesabiwa.

Baba Mdogo, wewe ndiwe mweka hazina wa chama, shika kalamu. Madirisha yangu yalikuwa dola 4,000. Asilimia 30 ni 1,200. Nikakatwa nusu kwa sababu ya kikomo. Mlango ulikuwa dola 700. Hapo nikapata 210. Jumla 810. Fundi peke yake alichukua zaidi ya hizo, na chai juu.

Tena hizo 810 sijazishika mkononi. Ulitoa pesa zako zote kwanza, ukatunza risiti, ukajaza fomu namba 5695, kisha kodi uliyodaiwa ikapunguzwa. Kwa mwaka 2025 walitaka hata namba ya kiwanda kilichotengeneza dirisha, kiwe kimesajiliwa na mamlaka ya kodi. Binamu yangu wa Awendo amemaliza chuo, mpaka leo hajachukua PIN ya KRA, namba ya mlipa kodi wa Kenya. Dirisha langu lina PIN.

Hapo ndipo penye kichekesho. Aliyedaiwa kodi kubwa ndiye aliyesaidiwa. Asiyedaiwa kodi hakupata kitu, na kilichobaki hakikuhamia mwaka uliofuata. Jirani yangu, mzee mstaafu, anaziba dirisha lake kwa blanketi; kodi yake ilikuwa sifuri, basi na nafuu yake ikawa sifuri. Wenye kipato kidogo wana mpango wao wa kuzibiwa nyumba bure, ulioanza 1976, ila kwanza upange foleni.

Na wale mnaotaka niwaombee nafuu ya nyumba za Rongo, poleni. Nyumba ilitakiwa iwe ndani ya Marekani. Halafu tarehe 4 Julai 2025 Rais Trump alitia saini sheria iliyoikata nafuu hiyo ya kodi: dirisha lililowekwa baada ya 31 Desemba 2025 halina chake. Mimi niliponea, yangu yaliwekwa Novemba.

Shangazi ataniambia Rusinga walifanya vizuri zaidi, na ana haki. Kati ya 2012 na 2015, kituo cha utafiti cha icipe pale Mbita pamoja na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi walipita nyumba kwa nyumba kisiwani, wakaweka paneli ya sola, taa, mahali pa kuchajia simu, na mtego wa mbu. Mtego uliwavuta mbu kwa harufu inayofanana na ya binadamu. Binadamu wenyewe walivutwa na taa. Malaria ikapungua kwa asilimia 30 hivi kwenye nyumba zenye mitego. Hakuna aliyeulizwa kodi yake ya mwaka jana. Msaada unaokuja kabla hujatumia humfikia asiye na kitu. Unaokuja baadaye hutufikia sisi tunaoweza kusubiri.

Hata hivyo nimejifunza kutoka kwa serikali, na sasa natangaza ruzuku ya ukoo. Atakayeweka wavu wa mbu madirishani na kuziba ule upenyo kati ya ukuta na bati, nitamrudishia asilimia 30, isizidi shilingi 3,000 kwa nyumba. Mahindi ya kumlipa fundi hayahesabiwi. Risiti iwe na muhuri wa duka, si karatasi ya daftari yenye mwandiko wa Baba Mdogo. Na kama mwaka jana hukuchanga harambee, huna kodi, kwa hiyo huna nafuu.

Mama peke yake haguswi na masharti haya. Pesa zake zote nimeshatuma, aangalie M-Pesa haraka kabla shemeji yake hajapita kusalimia.

Wenu,
Kijana wa Minneapolis