Mgeni Njoo, Mwenyeji Abebe Viti

“Wanataka vijana wa kujitolea,” Charo wa Boda alitangaza kabla hata hajazima pikipiki. “Kuna tamasha la gemu linapangwa, la kimataifa. Wachezaji wanatoka Japani, Ufaransa, na kwingine ambako hata kamati haikujui. Sisi kazi yetu ni kubeba viti.”

Mama Sidi, mwenye kibanda cha chai, alikuwa akisukuma mahamri, hakuinua uso. “Na malipo?”

“Fulana na cheti.”

“Basi vizuri. Fulana ya kampeni mume wangu aliivaa mpaka ikawa tambara la kudekia, na hayo ndiyo maendeleo pekee niliyowahi kuyashika kwa mkono.”

Mwalimu Mstaafu akaweka kikombe chini, ishara kwamba kipindi kimeanza. “Tuelewane kwanza. Hizi si gemu za simu. Ni mashine kubwa kama kabati la nguo, ina kioo, kijiti na vitufe. Unatumbukiza sarafu, unacheza. Wajapani walitoa Space Invaders mwaka 1978, Pac-Man ikafuata 1980, na dunia nzima…”

“Naijua hiyo!” Mzee Karisa mgema akamkata. “Si ile iliyokuwa pale dukani ikala ishirini zangu?”

“Ile ilikuwa ya kamari, mzee.”

“Natumbukiza sarafu, inawaka taa, inaimba, pesa hairudi. Tofauti iko wapi?”

“Ya gemu haikudanganyi,” Mama Sidi akasema. “Unajua tangu mwanzo umelipia mchezo. Ile yako ilikuahidi itarudisha, nawe ukairudia kila jioni. Na ishirini ya siku hizi ina picha ya ndovu. Mzee Karisa peke yake amemaliza ndovu wengi kuliko majangili wote wa Tsavo.”

Hapo akafika Mheshimiwa Mtarajiwa, faili kwapani. Hakuna kamati inayoundwa kuanzia Mariakani hadi huku asiwemo, hata ya matanga.

“Msipotoshe wananchi,” alisema. “Mimi niko kamati ya mapokezi. Wageni watashuka Mombasa, wapande kupitia Mazeras na Rabai, wapokewe kwa ngoma na madafu.”

“Madafu ya nani?” Mzee Karisa akauliza.

“Ya kujitolea.”

“Minazi yangu haijajitolea.”

Katana wa Gemu, mwenye kile kibanda nyuma ya kinyozi chenye televisheni mbili na pedi zilizofungwa kwa utepe wa gundi, alikuwa ameinamia mbaazi zake muda wote. Akainua kichwa. “Mheshimiwa, mambo ya stima mmeyaulizia?”

“Stima ipo.”

“Mashine za Kijapani zinakula volti 100. Stima yetu ni 240. Mkichomeka moja kwa moja mtasikia harufu kabla hamjaona mchezo. Lazima mpate transfoma ya kushusha, tena jenereta, maana stima ya hapa haifuati ratiba ya mtu.”

“Hiyo ni kazi ya kamati ya ufundi.”

“Wamo akina nani?”

“Bado haijaundwa.”

“Na ya posho?” Mama Sidi akauliza.

“Hiyo imeshakutana mara…” Mtarajiwa akaumeza ulimi.

Katana akasema alikwenda kujiandikisha na karatasi yake mkononi: transfoma, pedi za akiba, ratiba ya mechi, nani atakuwa mwamuzi. Karatasi haikusomwa. Aliulizwa kama mgongo wake ni mzima.

“Na wenzetu hawafanyi hivyo,” aliendelea. “Evo, tamasha kubwa la gemu za kupigana, lilianza 1996 kule Sunnyvale, California, kwa wachezaji 40 hivi wa Street Fighter. Walioliandaa ni wachezaji wenyewe. Siku hizi linajaza kumbi Las Vegas.”

“Walifanyaje bila kamati ya mapokezi?” Mtarajiwa akashangaa kweli.

“Ndiyo maana wamefika,” Mama Sidi akajibu.

Charo alikuwa na wasiwasi mwingine. “Lakini Wajapani si watatutandika mchana kweupe, mbele ya watoto?”

“Waliwahi kudhani hivyo,” Katana akasema. “Yuko Mpakistani mmoja, Arslan Ash, wa Lahore. Februari 2019 alikwenda Evo ya Japani, mjini Fukuoka. Viza na safari vilimtesa njiani, na wengi hawakuwa wakimhesabu. Akatwaa ubingwa wa Tekken 7. Agosti akaenda Las Vegas, akautwaa tena. Na alisema nyumbani wako wengine wakali vilevile.”

Mama Sidi alitia mahamri kwenye mafuta. “Kwa hiyo huyo mgeni mnayemwekea kiti cha mto huenda amekuja kupigwa na yule mliyempa kiti akibebe.”

Mtarajiwa akafungua faili, akalifunga.

“Hata Kenya tunaye,” Katana akaongeza. “Sylvia Gathoni, wanamwita Queen Arrow. Mwaka 2018 timu ya Marekani, UYU, ilimsajili kwa Tekken.”

“Msichana?” Mzee Karisa akatoa macho. “Anapiga wanaume?”

“Kwa vitufe, mzee.”

“Mekatilili wetu alipowapinga Waingereza hakuhitaji vitufe.”

“Mwaka 1913 huku hakukuwa na stima,” Mwalimu akasahihisha.

“Na leo je?” Mama Sidi akauliza, na hata Mtarajiwa akacheka.

Mwalimu, aliyeona kipindi kinamponyoka, akarukia Lamu. Kule kwenye tamasha lao wana mashindano ya bao, mbio za punda na mashua, wageni wanakuja kutazama, na yeye hajasikia hata siku moja bingwa wa bao akipewa ufagio. Kosa lake lilikuwa kutaja bao.

“Wewe bao unalijua?” Mzee Karisa akafoka. “Siku ile chini ya mwembe uliiba kete!”

“Nilihesabu. Wewe ulikuwa umelewa mnazi wako mwenyewe.”

“Mgema halewi! Anaonja!”

“Ulionja mpaka ukasinzia kwenye zamu yako.”

Na ugomvi wa kete ukishaanza, wa mbuzi hauko mbali. Safari hii ni Charo aliyeufufua. Alitaka kujua lile kombe la mpira wa mtaa, ambalo mshindi aliahidiwa beberu, lilimalizikaje bila beberu, na mweka hazina alikuwa nani.

“Mbuzi alikufa,” Mtarajiwa akasema.

“Tunajua alikufa,” Mama Sidi akasema. “Tunauliza alikaangwa na nani.”

“Ripoti itatolewa.”

“Itoke na supu.”

Mtarajiwa akakumbuka ana kikao, akaondoka bila kulipia chai. Charo akapata abiria wa Mazeras. Mzee Karisa na Mwalimu tuliwaacha wakitafuta ubao wa bao ili waamue kesi ya kete, na Katana akarudi kufungua kibanda, maana watoto wa shule walishaanza kupanga foleni na shilingi zao. Kama atarudi kujiandikisha au la, hakusema. Mama Sidi yeye ameshamkataza mwanawe wa kiume kubeba chochote mpaka aone posho imeandikwa kwa wino.

Basi wanakamati, mkisoma haya: Katana yuko nyuma ya kinyozi, transfoma anajua inapopatikana, na bei yake si fulana. Na mkipita hapa, chai ya Mheshimiwa bado iko kwenye daftari.