Sifa za Motere Mlevi

Sisi watu wa Uvira si wachoyo wa sifa. Tunasifu mikeke, samaki wetu wa kuchoma, tunasifu upepo wa jioni unaotoka ziwani, tunasifu hata milima inayotuteremshia mawe kila masika. Kitu kimoja hakijapata msifu, ingawa kila siku kinatupakia, kinatupeleka na mara nyingi kinaturudisha. Nasema motere ya 1ZZ-FE ya Toyota, ile inayokunywa mafuta. Sisemi esansi, maana esansi kila motere inakunywa. Nasema mafuta yenyewe ya kulainisha, yale yanayotiwa juu na kutarajiwa kubaki ndani. Mafundi wakisikia jina lake hutikisa kichwa. Washofere hutukana kwanza, kisha huinama kutafuta chupa iliyo chini ya kiti. Leo naisimamia mimi. Hata mlevi ana haki ya wakili.

Tuanze na ukoo, kwa kuwa asifiwaye hutajiwa wazee wake. Kabla yake walikuwapo akina 4A na 7A, waliotuendeshea Corolla na Carina. 7A-FE alikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 1762, bloki ya chuma na mkanda wa kuzungusha vali. Mkanda ukikatika njiani, vali hazikugongana na pistoni: gari lilizima tu, abiria wakasukuma, mkanda ukabadilishwa, safari ikaendelea. Silinda zikilika, fundi alizichonga upya. Walikuwa wazee wenye subira, na wazito kama wazee.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 akazaliwa mtoto wa kisasa. Bloki yake ni ya alumini, na mahali pa mkanda kuna mnyororo. Silinda zake ni 4, kila moja kipenyo milimita 79. Pistoni inapanda na kushuka milimita 91.5, ujazo wote ni sentimita za ujazo 1794, vali 16, nguvu za farasi 130 hivi. Jina zuri, umbo jepesi, mbio za kutosha. Akaingizwa katika Spacio, Fielder, Wish, Premio, Allion na RAV4 ya 1.8. Alipomaliza ujana wake Japani, akapanda meli, akashuka Dar es Salaam, akavuka nchi kavu hadi kwetu. Alifika na usukani wa kulia katika nchi inayopita upande wa kulia. Alifika pia na kiu.

Kiu hiyo ilitoka wapi? Kila pistoni imevaa ringi tatu. Mbili za juu huzuia moto na hewa visiteremke. Ya tatu kazi yake ni kukwangua mafuta kwenye ukuta wa silinda na kuyarudisha chini kwa kupitia vitundu vilivyo katika pistoni. Katika motere hizi, hasa zile za mwanzo, vitundu vilikuwa vidogo na vichache. Mafuta yanaungua, masizi yanaziba vitundu, ringi inakwama, na mafuta yaliyokosa pa kurudi yanabaki ukutani yakingoja moto. Aliyeuona mto Mulongwe ukifurika ile Aprili ya 2020 hahitaji kuelezwa zaidi. Maji yakinyimwa njia yao hujichagulia nyingine, na mafuta ni vivyo hivyo.

Hiyo ndiyo dhambi yake. Sasa zisikilizeni fadhila.

Fadhila ya kwanza ni uwazi wa hesabu. Alfajiri, magari ya kwenda Bukavu yakiwa bado yanaita abiria, shofere wa motere mlevi amekwisha kufunua gari lake. Anavuta kijiti cha kupimia mafuta, anakifuta kwa kitambaa, anakirudisha, anakivuta tena, kisha anakiinua kwenye mwanga kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Kijiti kina alama mbili, ya kujaa na ya kupungua, na hakijui kudanganya. Nitajieni ofisi moja inayotoa hesabu yake kila siku kabla ya kuanza kazi, mbele ya watu, na kuonyesha pengo bila kulipaka rangi. Motere hii inafanya hivyo, na haijawahi kuomba posho ya kikao.

Kuna taa nyekundu pia, ile yenye picha ya kibuyu cha mafuta. Asiyeijua huiamini. Lakini taa hiyo haiangalii mafuta yamebaki kiasi gani. Inangoja mpaka msukumo wa mafuta uanguke, na wakati huo vyuma vimekwisha kuanza kusagana. Taa ile ni kama wakubwa: hufika baada ya msiba, ikiwa imevaa nyekundu. Mwenye motere mlevi haitegemei. Mgonjwa haulizwi uji, naye haulizi, anamimina.

Fadhila ya pili ni usafi. Tumbo la motere hii linabeba lita 3.7 za mafuta, ukihesabu na filta. Ikifikia kunywa lita moja kwa kilomita 1000, basi kufika kilomita 3700 imekunywa tumbo zima na kujazwa upya. Wenye motere za kiasi hulipa fundi awamwagie mafuta machafu. Mlevi wetu anayamwaga mwenyewe, hewani, akitembea. Filta peke yake ndiyo haijapata habari hii, nayo inaendelea kukaa pale na uchafu wake kama mjane aliyesahauliwa.

Fadhila ya tatu ni ukarimu, na hapa sitakawia, maana mji mzima ni shahidi. Kadhafi, kama tunavyomwita anayeuza esansi kwa bidoni kando ya barabara, huweka na chupa za mafuta ya motere, apate cha kumuuzia mlevi. Muuza buji za kuwashia moto naye anakula, kwa kuwa buji zilizoloweshwa mafuta hazidumu. Hata mtoto anayeokota chupa tupu za maji ana mteja wake, maana mafuta ya mlevi hutiwa humo.

Fadhila ya nne inaonekana njiani. Ukitoka Uvira unapita Kiliba, Sange na Luvungi, bonde limetulia, motere inaimba. Baada ya Kamanyola barabara inaanza kuupanda mlima Ngomo, na hapo ndipo wanaume hujulikana. Lakini siri ya mlevi haitoki kwenye kupanda. Inatoka kwenye kushuka. Shofere akirudi kutoka Bukavu ameachia kanyagio, pistoni zinavuta hewa na mlango wa hewa umefungwa. Zikikosa hewa, zinavuta mafuta. Akifika chini na kukanyaga tena, linatoka wingu la bluu. Moshi mweusi ni esansi iliyozidi. Mweupe usiokoma ni maji yaliyopita gasketi. Wa bluu ni mafuta. Gari gani jingine linatangaza ugonjwa wake kwa rangi, likaeleweka na dereva, abiria na mchunga mbuzi aliyekaa kando ya njia?

Abiria naye hapati nafasi ya kulala. Kwa kuwa usukani uko kulia, anayekaa mbele kushoto ndiye mwenye macho ya kulipita lori.

“Papa, kuko gari mbele?”

“Kuko Fuso, mtoto wangu. Ngoja kwanza.”

Hivyo mzee aliyelipa nauli amekwisha kuajiriwa. Anaangalia mbele, ananusa harufu ya kuungua, anageuka kuutazama moshi. Katika gari zima hakuna mtu asiye na kazi.

Najua wapinzani watasema nini. Watasema kikulacho ki nguoni mwako: pesa za karo ya mtoto zinapita kwenye bomba la moshi. Sikatai. Watasema tia mafuta mazito, 20W-50 mahali pa 5W-30. Yakitiwa, kiu inapungua kidogo, lakini asubuhi mafuta mazito yanachelewa kupanda, na vyuma vya juu vinasuguana vikavu vikiyangoja. Watasema chonga silinda kama tulivyowachonga wazee. Hazichongeki kwa namna hiyo. Ndani ya alumini zimevikwa ganda jembamba la chuma, na ganda si gogo. Watasema nunua Probox, ina 1NZ ndogo, haina makuu. Hapo ndipo wanaponipa ushindi.

Tazameni Probox hiyo. Kwa kuwa haisumbui, hakuna anayeifunua. Mwezi unapita, masika yanapita, kijiti hakijaona jua. Siku inayoanza kuvuja, hakuna mkono uliozoea kuigusa. Motere nzuri hufa kwa kuaminiwa. Motere mlevi haijawahi kuaminiwa hata siku moja, na ndiyo maana bado inapakia watu wa Bukavu.

Wavuvi wetu walilijua jambo hili kabla ya Japani kutengeneza gari. Teremka Kalundu usiku, wakati taa za kuvulia ndakala, wale samaki wadogo, zimetapakaa ziwani. Karibu kila mtumbwi unaingiza maji kidogo, na ndani yake yupo kijana mmoja mwenye kopo. Hashiki wavu, hahesabu samaki. Anakomba maji na kuyarudisha ziwani hadi kunapambazuka. Wenzake humcheka, lakini hakuna anayekubali kutoka bila yeye. Kopo lile na chupa iliyo chini ya kiti ni ndugu, tofauti ni kwamba moja linatoa na nyingine inatia.

Basi, ewe motere mlevi, nakuombea dua. Mungu akupe maisha marefu kuliko fundi wako. Akuepushe na mafuta ya kuchanganywa. Akupunguzie kiu, ila asikuponye kabisa, maana siku utakayopona shofere wako atalala mpaka saa tatu, na kijiti kitapata kutu.