Sifa za Gobore

Mtu akitaka kumtukana mwanamume asiye na faida, humwita mume gumegume. Huenda hajui kuwa gumegume ni bunduki, ile ya kale iliyowaka kwa cheche za jiwe. Katika karne ya 19 misafara ilizibeba bunduki za aina hiyo kutoka pwani hadi Unyanyembe, na mtemi Mirambo akazitumia kujijengea dola. Leo nasimama kumtetea mjukuu wa gumegume, gobore, bunduki pekee yenye utu.

Nianze na subira yake. Raifo ina pupa. Hujamaliza kuhema, imeshakwisha kuua. Gobore hutaka taratibu. Unamimina baruti mdomoni, unatia makumbi, unashindilia kwa mdeki, unatia goroli, unashindilia tena, ndipo unabandika fataki. Muda huo swala ameshashiba, ameaga jamaa zake, na kama ana adabu, bado anakusubiri. Masika yakiingia, baruti hunywa unyevu na gobore huenda likizo.

Sasa shabaha. Ndani ya mtutu wa raifo kuna mifereji iliyojipinda, hivyo risasi hutoka ikizunguka kama pia na kushika njia moja. Mtutu wa gobore ni laini kama bomba, na mara nyingi ni bomba kweli. Goroli hupita ikigonga ukuta huu na ule, na ukuta wa mwisho ndio huamua iende wapi. Mlengaji anatoa pendekezo tu.

Baba yangu mdogo, huko Tabora, aliwahi kumlenga kanga hatua 50. Kanga hakuinua hata kichwa. Goroli ilipasua mzinga wa nyuki juu ya mninga. Mzee alirudi na asali, na uso uliovimba hadi mama mdogo akamwuliza anamtafuta nani. Ni raifo gani inayoweza kumtoa mtu kwenye mawindo na kumwingiza kwenye urinaji kwa mlio mmoja?

Wasiojua shukrani tukamwita fundi. Akakaza skrubu zinazoshika mtutu kwenye kitako, maana zikilegea kila mlio huhamisha shabaha. Akasugua masizi kwa maji ya moto na sabuni, kwa kuwa baruti nyeusi huacha utandu unaoibana goroli. Akapima baruti kwa kizibo kilekile kila mara, akaivika goroli kitambaa chenye mafuta isiyumbe njiani. Kisha akaliegemeza gobore kwenye mfuko wa mchanga na kuitoboa karatasi mara tatu. Matundu yote yangefunikwa na sahani moja. Baba mdogo akalishika yeye. Akaikosa karatasi, akaukosa na mti ilipobandikwa.

Hakuna aliyesema neno. Hapo ndipo nilipoutambua ukarimu wa gobore: miaka yote hiyo lilikuwa likibeba makosa yasiyo yake. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na jua halijawahi kujitetea.

Walikuwepo waliomshauri anunue raifo yenye darubini. Ushauri mbaya huo! Utasumbukia kibali, utauza ng'ombe, na siku ukikosa, utamsingizia nani? Tena gobore ni mhifadhi. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, ilihitaji tangazo la serikali na askari wa kulisimamia. Gobore la baba mdogo lilitekeleza sera hiyohiyo kimyakimya, bila bajeti, na kanga wa kijijini kwetu ni mashahidi.

Polisi walipotangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha, mzee alilipeleka kituoni, amelifunga kwa kanga ya mama mdogo. Hiyo ndiyo kanga pekee ambayo gobore hilo liliwahi kuigusa. Afande akalitazama, akachungulia mtutu, akaandika daftarini: "Bovu."

Mbadala wake umeshapatikana: manati. Juzi baba mdogo alimkosa njiwa hatua tano. Akaigeuzageuza manati mkononi, akaivuta, akaiachia, akatikisa kichwa. Mpira wa siku hizi, alisema, si kama ule wa zamani.