Gramafoni Haitaki Kisigino

Katika nyumba za zamani za Uingereza, zile zenye sakafu ya mbao yenye uwazi chini yake, mheshimiwa sebuleni ni mmoja tu: gramafoni. Watoto hunyata. Mke akitaka kufuata miwani yake, angoje upande wa santuri uishe, dakika 20 na ushei.

Bwana mwenye nyumba ana sababu zake. Sindano husoma mfereji mwembamba kuliko unywele, na haijui kutofautisha besi na kisigino cha shemeji. Ubao ukinesa, sindano huruka.

Mwaka 1961 Mmarekani Edgar Villchur aliiegemeza sahani pamoja na mkono wa sindano juu ya springi, katika gramafoni ya kampuni ya AR, ili mitetemo iishie njiani. Miaka ya 1970 kampuni ya Linn ya Uskoti ikaja na LP12, nayo ya springi. Shida ni kwamba springi laini hucheza taratibu, mara chache tu kwa sekunde, na sakafu ya mbao nayo hunesa taratibu vilevile. Mtu akipita, dawa yenyewe inaanza kucheza ngoma.

Basi bwana hununua miguu ya shaba, bamba la granaiti, na meza ya bei ya pikipiki. Santuri bado inaruka. Rafu iliyofungwa kwa skrubu kwenye ukuta wa matofali ingemaliza shughuli, maana ukutani hapiti mtu. Lakini rafu ya bei poa atamringishia nani?