Barua ya Wazi kwa Wapangaji wa Mji wa Visiwa

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya mipango miji, Kinshasa na Kisangani.

Waheshimiwa,

Barua hii imetoka Isangi, pale Lomami unapoingia katika Mto Kongo. Imepanda mto zaidi ya kilomita 100 kwa boti ya mbao, imebanwa kati ya gunia la mchele na dumu la mawese. Ikiwafikia na doa la mafuta, msiishangae. Mji mnaoupanga hula kutoka kwenye boti hiyo.

Kwanza, pongezi. Kiwanja cha ndege cha Bangboka kimefanyiwa ukarabati, na Oktoba 2024 Rais Félix Tshisekedi alikuja Kisangani kukizindua. Kiwanja ni kizuri. Mkulima wa Isangi amethibitisha hivyo kwa kuzitazama ndege zikipita juu ya shamba lake. Katika ziara hiyohiyo, wananchi waliotega sikio wasikie habari za daraja walisikia habari za katiba: Rais alitangaza kwamba ataunda tume ya kuandaa nyingine. Wapinzani wake walisema kwamba hilo nalo ni daraja, ila ni la kumvusha mtu mmoja kutoka muhula hadi muhula. Watu wa Lubunga, ambao shida yao ni kuvuka maji ya kweli, walirudi nyumbani kwa mtumbwi.

Lubunga, kwa wale wanaoujua mji kwa ramani tu, ni moja ya komini sita za Kisangani. Nyingine tano, yaani Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo na Kisangani, ziko ukingo wa kulia. Lubunga iko peke yake upande wa kushoto, na kati yake na ofisi, hospitali kubwa na chuo kikuu kuna mto mzima usio na daraja. Jambo la kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba upande huo uliosahauliwa ndio wenye stesheni ya reli. Mwanzoni mwa karne iliyopita wakoloni walijenga kilomita 125 za reli hadi Ubundu, kwa sababu maporomoko ya Boyoma hayapitishi meli. Wakazungukia maporomoko saba. Wapangaji waliofuata wameshindwa kuzungukia moja: lile la ahadi.

Jina la mji lenyewe lingetosha kuwa onyo. Kisangani huelezwa kuwa ni mahali pa kisiwa. Lakini Mswahili akisikia neno kisanga huwaza pia balaa, kama katika visa na visanga. Tangu ulipoacha kuitwa Stanleyville mwaka 1966, mji umejitahidi kulitendea haki jina jipya kwa maana zote mbili.

Tuchukue umeme. Bwawa la mto Tshopo lilijengwa miaka ya 1950, wakati Makiso ilikuwa mji wa Wazungu na Waafrika waliwekwa pembeni. Lina mitambo mitatu, na yote ikizunguka haifikishi megawati 20. Leo mji unakadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kugawanya: ni chini ya wati 20 kwa kila kichwa, yaani balbu moja, bila redio, bila pasi, bila kiwanda. Hiyo ni siku ya neema, mitambo yote ikiwa hai. Siku nyingine kuna jenereta kwa mwenye nacho, na makaa kwa wengine. Makaa hayo nayo yanatoka misitu ya Isangi na jirani zake, yanafika kwa boti, kisha yanasukumwa kwa baiskeli.

Baiskeli! Hapo barua hii inawavulia kofia wasiokuwa Waheshimiwa. Barabara zilipoharibika na magari yakaadimika, vijana wa Kisangani hawakungoja tume. Waliweka mto wa kukalia juu ya keria, wakauita usafiri huo toleka, Kilingala cha "tupite", nao watu wakapita. Huo ndio mpango wa usafiri wa umma uliowahi kutekelezwa kikamilifu mjini hapa, na haukuwa na mshauri mwelekezi hata mmoja.

Mipango rasmi ina tabia nyingine. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita. Kisangani, ambako majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mizinga siku sita mwezi Juni 2000, ina majeruhi na wafiwa wengi wanaosubiri sehemu yao. Fedha zilipoanza kuingia, mradi wa ujenzi uliovuma kuliko yote haukuwa gati wala soko. Ulikuwa gereza. Septemba 2025 Constant Mutamba, aliyekuwa Waziri wa Sheria, alihukumiwa na Mahakama ya Kasasioni miaka mitatu ya kazi ngumu kuhusu dola zaidi ya milioni 19 za mradi huo. Kwa hiyo gereza hilo lilizaa mhukumiwa kabla ya kuzaa ukuta.

Sasa kuhusu Isangi. Mji una mpango wake, na teritwari zina wake: programu ya maendeleo ya teritwari 145, ambamo Isangi imo, imeahidi shule, vituo vya afya, majengo ya utawala na barabara. Mto unaoziunganisha pande mbili hizo hauna mwenyewe. Mwanamke anayelala juu ya magunia usiku kucha ili Makiso ipate mchele asubuhi si mkazi wa mji katika jedwali lolote, ingawa mji ungefunga masufuria bila yeye.

Kama ofisi zenu zimejaa makaratasi, Isangi ina msaada. Kule Yangambi, kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1933, kuna moja ya hazina kubwa za mimea iliyokaushwa katika Afrika ya Kati. Kila jani limebandikwa na kupewa jina la Kilatini, na halioti tena. Mipango ya Kisangani ingepata wenzake hapo.

Au njooni wenyewe. Msipande ndege. Pandeni boti pamoja na wenye mizigo, mkae juu ya magunia, mshuke Isangi na kusikiliza. Ramani mtakazobeba zifungeni vizuri kwenye plastiki, maana maji huingia.